Mita ngapi kutoka kisimani? Mwongozo wa kutunga sheria ndogo ya kijiji ya kulinda maji ya chini ya ardhi

Sheria ndogo ya kwanza niliyoshiriki kuiandika ilikuwa na mstari mmoja: "Ni marufuku kwa mtu yeyote kuchafua chanzo cha maji." Tuliipitisha kwa kunyoosha mikono, mtendaji akaigonga muhuri, tukaibandika kwenye mlango wa ofisi ya kijiji. Miaka minne hakutozwa mtu hata shilingi. Kisha masika moja akina mama waliowahi foleni ya asubuhi wakasema maji ya kisima kifupi yananuka. Nilijaza glasi nikaielekeza kwenye jua. Juu ya maji ulielea utando mwembamba, ukimetameta zambarau na kijani, na nilipochovya kidole haukutoka hata nilipokisugua kwenye suruali.

Hatua arobaini na mbili kutoka kwenye pampu ile kulikuwa na gereji ya pikipiki. Fundi alikuwa na shimo nyuma ya banda, na humo alikuwa akimwaga oili chafu tangu alipofungua kazi. Tulipomwita ofisini alituuliza swali ambalo hakuna aliyeweza kulijibu: "Mimi nimechafua kisima lini?" Alikuwa amemwaga oili kwenye shimo lake, kwenye kiwanja tulichompa sisi wenyewe, kwa barua yenye muhuri uleule.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia hapo. Mto ukichafuliwa, uchafu unaonekana, na mvua ikija unasombwa. Maji ya chini ya ardhi yanatambaa. Mahali pengi hayafiki hata mita chache kwa siku, na yanapopita hakuna jua, hakuna upepo, hewa ni kidogo. Kilichoingia kinakaa miaka, wakati mwingine miongo. Ukisubiri kumkamata mchafuzi, umeshachelewa. Sheria inayofaa humwambia mtu mapema: kitu fulani, mahali fulani, kwa mita kadhaa, hakiwekwi. Inasimamia ardhi ya juu ili maji ya chini yabaki salama.

Nitafuata utaratibu wa kijiji cha Tanzania Bara, kwa kuwa ndio ninaoufanyia kazi, na mifano mingi ni ya ukanda mkavu wa Dodoma. Hatua za kitaalamu zinafaa popote penye kisima.

Hatua ya 1: Jua maji yenu yanatoka wapi

Kila kisima kirefu kilichochimbwa kwa mtambo kina ripoti yake ya uchimbaji. Humo mna kina cha kisima, usawa ambao maji yalitulia, kiasi cha maji kwa saa, aina ya udongo na miamba iliyopitiwa, na kina ambacho skrini ziliwekwa ili maji yaingie. Karatasi hiyo ina thamani kuliko bango lolote mtakalochora. Mara nyingi haipo kijijini. Iulizeni RUWASA wilaya (wakala wa serikali wa maji na usafi wa mazingira vijijini), na ikikosekana huko nendeni ofisi ya bodi ya maji ya bonde. Nchi imegawanywa katika mabonde 9, na mkoa mmoja unaweza kuguswa na zaidi ya moja: Dodoma ina vijiji vya Wami/Ruvu, vya Bonde la Kati na vya Rufiji. Ulizeni kwanza mko bonde gani, msije mkapanda basi kwenda mji usio wenu.

Kwenye ripoti angalieni mambo mawili. La kwanza, je, kuna tabaka nene la mfinyanzi juu ya maji? Mfinyanzi huchelewesha uchafu sana. La pili, maji yamo kwenye mchanga au kwenye nyufa za mwamba? Mchanga huchuja, vijidudu hunasa na kufa njiani. Nyufa hazichuji. Maji hupita ndani yake kama kwenye bomba, na kipimo kinachofaa kijiji cha mchanga kinaweza kuwa hatari kwa kijiji cha mwamba.

Halafu tafuteni maji yanaelekea upande gani. Watu wengi hudhani yanafuata mteremko wa ardhi. Mara nyingi ni kweli, ila msiape. Chagueni visima vifupi vitatu visivyo kwenye mstari mmoja. Nendeni alfajiri kabla hakujachotwa, mteremshe kamba yenye kipande cha chuma hadi kiguse maji, mpime kamba. Kisha mpime tofauti ya urefu wa ardhi kati ya visima hivyo kwa mpira mwangavu wa maji, ule mafundi ujenzi wanaotumia kusawazisha msingi. Kisima ambacho uso wa maji yake uko juu kuliko vingine ndio upande maji yanakotoka. Rudieni kipimo mwishoni mwa kiangazi na mwishoni mwa masika, kwa sababu mahali pengine mwelekeo hugeuka.

Kuna jambo moja hapa ambalo hata mafundi wazuri hulisahau. Pampu ya mota au ya sola ikishaanza kuvuta, maji hushuka kuzunguka kisima kama faneli na kutiririka kuelekea kisimani kutoka pande zote, hata upande wa bondeni. Choo kilichojengwa chini ya kisima kwa imani kwamba maji hayapandi mlima kinaweza kuvutwa na pampu. Kwa pampu ya mkono faneli hiyo ni ndogo sana. Kwa pampu inayojaza tenki la kijiji kizima, ihesabuni.

Hatua ya 2: Tembeeni, mhesabu kilichopo

Msiifanyie kazi hii ofisini. Watembee mwenyekiti wa kitongoji, bwana afya au bibi afya wa kata, fundi wa pampu, mama mmoja au wawili wanaochota kila siku, na wazee wawili wanaokumbuka kijiji kabla hakijawa na bomba. Simu yenye GPS inatosha kuandika mahali. Zungukeni kisima hadi umbali wa nusu kilomita, muandike kila kitu: vyoo, mashimo ya taka, mazizi, mbauti (birika la kunyweshea mifugo), josho, gereji, mtu anayeuza petroli kwa chupa, mashine ya kusaga yenye pipa la dizeli, machinjio, makaburi, mashimo ya matofali, mahali watu wanapochanganyia dawa za shamba, na visima vilivyotelekezwa.

Msipite haraka kwenye hivyo vya mwisho. Kijiji kimoja tulimuuliza mzee, baada ya shikamoo na habari za mifugo, kama anakijua kisima chochote cha zamani. Hakujibu. Alichukua fimbo, akatutangulia hadi nyuma ya nyumba ya jirani, akasogeza matawi ya miiba. Chini yake kulikuwa na tundu la upana wa beseni. Nilimulika na tochi ya simu: mabetri ya redio, chupa za dawa ya pamba, na kitu chenye manyoya. Maji yalikuwa mita tisa chini, na kisima kipya cha shule kilikuwa hatua sabini kutoka hapo. "Hapa ndipo tulipochota mwaka ule wa njaa," alisema. Kisima kilichotelekezwa ni mlango ulio wazi: uchafu hauhitaji kupenya mfinyanzi wala mchanga, unatua moja kwa moja ndani ya maji.

Anzeni pia na nyumba yenu wenyewe. Mara nyingi pipa la dizeli la karibu kuliko yote na kisima ni la kamati ya maji, limewekwa ndani ya nyumba ya pampu, sakafu imelowa mafuta, na mita mbili pembeni ndipo bomba la kisima lilipo. Kijiji hakitamsikiliza mtu anayemfukuza fundi wa pikipiki huku pipa lake linavuja.

Hatua ya 3: Choreni maduara

Nchi zilizotangulia katika jambo hili hupima ulinzi wa kisima kwa siku ambazo maji huchukua kusafiri. Ujerumani ukanda wa ndani hufika pale ambapo maji yatachukua siku 50 kukifikia kisima, muda ambao vijidudu vingi vya maradhi hufa vikiwa ardhini. Uingereza nao hutumia siku 50, lakini ukanda huo hauruhusiwi kuwa chini ya mita 50, na nje yake huchora ukanda wa siku 400 kwa ajili ya kemikali, ambazo hazifi.

Kijiji kinaweza kukadiria maduara hayo kwa hesabu ya darasa la saba. Mfano: pampu inatoa lita 40,000 kwa siku, yaani mita za ujazo 40. Kwa siku 50 ni mita za ujazo 2,000. Maji hayo yote yalikuwa kwenye vitundu vya udongo au nyufa za mwamba kuzunguka kisima. Tuseme tabaka linalotoa maji lina unene wa mita 10.

Kama ni mchanga, karibu sehemu moja ya tano ya ujazo wake ni nafasi ya maji. Zidisheni 10 kwa 0.2, mpate 2. Gawanyeni 2,000 kwa 2: mita za mraba 1,000. Gawanyeni kwa 3.14, mtafute kipeuo cha pili: mita 18 hivi.

Kama ni mwamba wenye nyufa, nafasi ya maji inaweza kuwa asilimia 1 tu. 10 kwa 0.01 ni 0.1. 2,000 kwa 0.1 ni mita za mraba 20,000. Gawanyeni kwa 3.14, mtafute kipeuo: mita 80.

Pampu ni ileile, siku ni zilezile, na mita zimezidi mara nne. Kwa siku 400 kwenye mwamba huohuo duara linafika mita 226. Nimewaonyesha hesabu hii wanakijiji kwa kokoto na kamba ardhini, na nimeona inaeleweka kuliko hotuba: jaza ndoo mchanga, mimina maji hadi yajae, hesabu vikombe vilivyoingia. Kisha chukua ndoo nyingine, weka ndani jiwe moja kubwa linaloijaza karibu yote. Vikombe vitakavyoingia ni vichache, kwa hiyo ili upate maji yaleyale unahitaji mawe mengi zaidi, na eneo kubwa zaidi.

Hesabu hii ni makadirio. Haijui mteremko wala ufa mmoja mrefu unaokwenda moja kwa moja kisimani. Mpelekeeni mtaalamu wa maji wa bonde aipitie, na mkiwa na shaka chukueni namba kubwa. Iwapo hamna ripoti wala mtaalamu, msichore chini ya mita 60.

Nje ya maduara kuna sehemu ya tatu, ambayo inaweza kuwa mbali na kisima: pale maji ya mvua yanapoingia ardhini. Makutupora, kaskazini mwa Dodoma, visima vinavyoulisha mji huzidiwa miaka mingi na kujazwa miaka michache. Kina cha maji pale kimepimwa tangu miaka ya 1950, na rekodi inaonyesha kuwa mvua kubwa zisizokuja kila mwaka, kama zile za El Niño ya 1997/98, ndizo zinazorudisha maji kwa kiasi kikubwa, sehemu yake kupitia mchanga wa makorongo. Mchanga huo ndio mlango. Ukichimbwa na malori, au ukigeuzwa dampo, kijiji kinafunga mlango au kinaweka sumu kizingitini. Lamu nako wameishi na suala hilo: maji matamu ya mji yamo chini ya matuta ya mchanga ya Shela, na ubishi wa nani ajenge juu ya matuta hayo umedumu miaka mingi.

Hatua ya 4: Amueni nini kisiwe wapi

Duara la kwanza ni la uzio, angalau mita 10 kuzunguka kisima. Humo hakuna kitu isipokuwa kisima chenyewe, sakafu yake ya zege na mfereji wa kutoa maji yaliyomwagika. Hakuna bustani ya mchicha ya mlinzi. Hakuna mbuzi. Mbauti itolewe nje: ni rahisi kuyapeleka maji kwa ng'ombe kwa bomba la mita 100 kuliko kuwaleta ng'ombe kwa maji.

Duara la siku 50 ni la vijidudu, na hapo adui mkubwa ni choo cha shimo. Kipimo cha chini kinachotumika sana ni mita 30 kutoka kisimani, na sakafu ya shimo iwe angalau mita 1.5 juu ya maji. Pimeni mita hiyo moja na nusu mwisho wa masika, maji yanapokuwa yamepanda. Aliyepima Oktoba amejidanganya. Kwenye mwamba wenye nyufa, mita 30 hazitoshi, tumieni duara lenu. Kwa kaya ambazo tayari zimo ndani, msitoe amri ya kubomoa pasipo kuwapa mbadala, kwa sababu mtu asiye na choo atakwenda porini na hali itakuwa mbaya zaidi. Mbadala upo: shimo lililojengewa pande zote na chini kwa tofali na saruji, linalonyonywa, au choo kilichoinuliwa juu ya ardhi chenye vyumba viwili vya kukaushia. Vina gharama, na kijiji kilichoamua kulinda kisima cha wote kichangie.

Niseme wazi kuhusu nitrati, maana watu wengi huamini kuchemsha kunatibu kila kitu. Vyoo, mazizi na mbolea ya chumvi huacha nitrati, ambayo huyeyuka na kusafiri na maji bila kunaswa na mchanga. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, na sababu yake kubwa ni watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji hayo: damu yao hushindwa kubeba oksijeni. Ukichemsha, vijidudu hufa, lakini nitrati inabaki palepale, na kwa kuwa maji yamepungua sufuriani, kila kikombe kina nitrati zaidi ya mwanzo. Njia ya kweli ni kuizuia isifike.

Duara la siku 400 ni la kemikali. Humo pasiwe na gereji, tenki au duka la mafuta, josho, ghala la viuatilifu, machinjio, wala dampo. Kwa mafuta mtakuwa wakali kuliko kwa kitu kingine chochote, na mna haki. Benzini, iliyomo ndani ya petroli, ina kikomo cha miligramu 0.01 kwa lita. Gramu moja tu, chini ya nusu kijiko cha chai, inatosha kufikisha lita 100,000 kwenye kikomo hicho. Tenki la chuma lililozikwa hutoboka polepole bila mtu kuona. Mtu akiomba kituo cha mafuta, mwekezaji mkubwa au mdogo, kwanza fungueni ramani.

Mashamba sitayasemea sana. Kuwazuia watu kulima ndani ya mita 226 ni kuwanyang'anya chakula, na sheria hiyo itavunjwa kabla wino haujakauka. Inatosha kukataza kuchanganya dawa na kuosha bomba la kupulizia ndani ya duara, kukataza kurundika samadi mbichi, na kuwataka wanaotumia urea waigawe kwa awamu mbili, mahindi yakiwa tayari kuinywa. Makaburi mapya yaende nje ya duara. Ya zamani yaachwe kwa heshima yake.

Hatua ya 5: Andikeni kwa namba

Kila kifungu kijibu: kitu gani, mita ngapi, kutoka wapi, kuanzia lini, na aliyetangulia afanye nini. Ninaweka hapa maneno tuliyokuja kuyatumia, muyabadilishe namba kulingana na hesabu zenu:

"Hakuna mtu atakayechimba choo cha shimo ndani ya mita 80 kutoka Kisima Na. 1 kama kilivyoonyeshwa kwenye ramani iliyoambatishwa."

"Mwenye choo cha shimo kilichokuwepo ndani ya eneo hilo kabla ya sheria hii atakijengea au kukibadilisha ndani ya miezi 24. Halmashauri ya Kijiji itatoa saruji kwa kaya zitakazothibitishwa na mkutano wa kitongoji."

"Hakuna mtu atakayehifadhi zaidi ya lita 20 za mafuta ya petroli, dizeli au oili, mpya au chafu, ndani ya mita 226 kutoka Kisima Na. 1. Biashara iliyokuwepo itahamia kiwanja kitakachotolewa na Halmashauri ya Kijiji ndani ya miezi 6 tangu kiwanja hicho kitolewe."

"Mtu yeyote mwenye kisima kisichotumika atakitolea taarifa kwa mtendaji ndani ya miezi 3. Hatatozwa faini kwa kukitaja. Kijiji kitagharamia kukifunga."

Kifungu hicho cha mwisho kisikosekane. Ukiweka faini, watu watavifunika kwa miiba na kunyamaza. Kuhusu kiasi cha faini kwa makosa mengine, kaeni na mwanasheria wa halmashauri ya wilaya kabla ya kuandika, kwa sababu kijiji kina kikomo na faini iliyozidi hapo inaweza kuangusha kifungu kizima.

Ramani ni sehemu ya sheria. Iwe na alama za GPS za kila kisima na maduara yake, na majina ya vitu ambavyo kila mtu anavijua: mbuyu, kanisa, msikiti, njia ya kwenda mnadani.

Hatua ya 6: Ipitisheni kwa njia yake

Uwezo wa kijiji kutunga sheria ndogo umo katika Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982. Halmashauri ya Kijiji huandaa rasimu, huipeleka Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambako kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ana sauti, kisha huipeleka halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Hadi hapo wilaya itakaporidhia, ile karatasi haina nguvu. Ndivyo mstari wetu mmoja wa zamani ulivyokuwa, tulipokuja kuchunguza. Tunzeni muhtasari wa mkutano na orodha ya mahudhurio yenye saini, maana mtu akienda kuipinga, ndicho kitakachoulizwa kwanza.

Waendeeni nyumbani wale walio ndani ya duara kabla ya mkutano. Mtu asisikie kwa mara ya kwanza mbele ya watu mia tatu kwamba choo chake kimo kwenye ramani. Ule mkutano uliofaulu kwetu ulitanguliwa na jioni tisa za kukaa kwenye vigoda vya watu, na fundi wa gereji ndiye aliyesimama kueleza kiwanja chake kipya kiko wapi.

Ingizeni maduara kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007. Sheria ndogo hukataza. Mpango ndio unaosema eneo hilo linatumika kwa nini, na kamati ya usimamizi wa matumizi ya ardhi inakuwa na kitu cha kusimamia. Kama kisima ni kikubwa au kinahudumia vijiji kadhaa, iombeni bodi ya bonde ianze taratibu za kulitangaza eneo la hifadhi chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009. Huchukua muda, lakini tangazo la ngazi hiyo linawabana hata wasio wakazi wenu. Na pasiwe na mchanganyiko: mita 60 za kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 zinahusu kingo za mito, maziwa, mabwawa na bahari. Kwa kisima chenu jengeni hoja kwa hesabu yenu wenyewe.

Walio kwenye miji midogo wajue kwamba mtaa hauna mamlaka haya ya kijiji. Rasimu yenu iende kwa diwani, na kupitia kwake kwenye halmashauri.

Hatua ya 7: Fanyeni iishi

Itundikeni ramani juu ya meza ambapo viwanja hutolewa. Hakuna barua ya kiwanja, ya duka wala ya gereji itakayogongwa muhuri kabla mtendaji hajaweka kidole kwenye ramani na kuandika umbali kutoka kisimani. Hili peke yake limezuia mengi kuliko faini zote tulizowahi kutoza.

Wekeni mawe yaliyopakwa rangi kwenye ukingo wa maduara. Kila Oktoba, kabla ya mvua, rudieni ule mzunguko wa hatua ya pili mkiwa na orodha ya mwaka uliopita mkononi.

Pimeni maji mara mbili kwa mwaka, mwisho wa kiangazi na mvua zinapokolea, katika maabara ya maji. Bakteria wa kinyesi, E. coli, wasionekane kabisa katika mililita 100. Nitrati iandikeni kwenye daftari moja, mwaka juu ya mwaka. Ikitoka 8 ikawa 15, ikawa 24, bado iko chini ya kikomo na maji yanaruhusiwa kunywewa, ila daftari linakuambia kuwa duara linavuja mahali. Tafuteni ni wapi mkiwa bado na nafasi.

Na vile visima vilivyotelekezwa vifungwe namna hii, kwa kuwa kukifukia kwa takataka ni kuhifadhi sumu. Toeni kila kilichomo hadi chini. Anayeshuka afungwe kamba kiunoni na asishuke kabla mshumaa ulioteremshwa haujaonyesha kuwa hewa ipo. Hata mshumaa ukiwaka, wawepo watu watatu juu wa kumvuta, na kisima kilichowahi kunuka mafuta mshumaa usikikaribie: hicho mwachieni fundi mwenye vifaa. Mwageni klorini. Jazeni kokoto safi zilizooshwa hadi usawa wa maji yalipofika masika. Juu yake shindilieni mfinyanzi, tabaka kwa tabaka, kila tabaka liwe la kiganja kimoja, lilowekwe kidogo na kupigwa kwa mtaimbo hadi mlio ubadilike. Mita ya mwisho iwe zege, iinuliwe kama kichuguu ili maji ya mvua yakimbie pembeni.

Kisima cha yule mzee kilituchukua siku tatu na mifuko minne ya saruji. Mabetri peke yake yalijaza ndoo mbili. Zege lilipokuwa bado bichi aliandika mwaka juu yake kwa ncha ya fimbo, na mtendaji akatia msalaba mwekundu kwenye ramani ya ofisini, ili asije mtu akapewa kiwanja hapo na kuchimba choo.